Jirani akikumbwa na mafuriko, tumpe nini?

Wiki hii nataka kujibu barua. Kwa kawaida barua zenu huzijibu moja moja kwa njia ya posta, lakini hii imeuliza swali ambalo najua wengi wanalo moyoni ingawa hawalisemi kwa sauti. Imetoka kwa mzee mmoja wa Mtwara, mkulima wa korosho. Anasema kila yanapotokea mafuriko katika nchi ya jirani, redio huanza kuhimiza watu wachange. Anauliza: sisi wenyewe barabara zetu hukatika kila masika, zahanati zetu hukosa dawa, na wakulima wetu hupunjwa bei. Je, masikini ana kipi cha kumpa masikini mwenzake? Kisha anaongeza swali la pili, tena kali zaidi. Anataka kujua kama mamilioni ya dola yanayotangazwa baada ya maafa humfikia kweli yule mtu aliyekaa juu ya paa akisubiri maji yapungue.

Maswali yote mawili ni ya haki, wala si dalili ya roho mbaya. Nimeona nisiyajibu kwa mahubiri. Nitayajibu kwa kisa kimoja ambacho hesabu zake zinajulikana, nacho ni cha Msumbiji, nchi ambayo mzee wangu wa Mtwara anaitazama ng'ambo ya mto Ruvuma.

Turudi mwaka 2000. Mapema Februari mwaka huo mvua kubwa zilinyesha kusini mwa Msumbiji, mitaa ya Maputo ikafurika, na barabara kuu iendayo kaskazini ikakatika. Watu walipoanza kudhani kuwa makali yamekwisha, tarehe 22 Februari kimbunga kilichopewa jina la Eline kiliingia kutoka Bahari ya Hindi. Kilipita Msumbiji kikaenda kumwaga maji yake Zimbabwe na Afrika Kusini. Wenye kuijua ramani wanaelewa maana yake. Mito ya huko haibaki huko. Limpopo na Save hushuka hadi Msumbiji ndipo iingie baharini. Kwa hiyo maji yaliyomwagika kwa jirani yaliteremka yote kwa pamoja, na siku chache baadaye mji wa Chókwè ulikuwa chini ya maji, na Xai-Xai ukafuata. Watu wapatao 700 walipoteza maisha. Zaidi ya nusu milioni walikosa mahali pa kukaa. Haya yaliipata nchi ambayo ilikuwa imemaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1992, na ambayo uchumi wake ulikuwa umeanza kukua kwa kasi iliyoshangaza wengi.

Wengi wetu tunakumbuka picha za televisheni za siku zile. Tunakumbuka helikopta na kamba ikishushwa juu ya mti. Tunakumbuka mama aliyejifungua mtoto wa kike akiwa juu ya mti, akaokolewa pamoja na kichanga chake. Picha ile ilizunguka dunia nzima, na hapana shaka ilifungua mifuko ya watu wengi.

Lakini hebu tuulize swali ambalo picha haikulijibu. Nani aliyewaokoa watu? Jumla ya waliotolewa majini wanakadiriwa kuwa 45,000 hivi. Kati yao, waliookolewa kwa ndege na helikopta ni kama 16,500. Waliobaki, yaani kama 29,000, waliokolewa kwa boti na mitumbwi. Na waliokuwa ndani ya boti hizo wengi walikuwa Wamsumbiji wenyewe: wanamaji, watu wa Msalaba Mwekundu, askari wa zimamoto, na raia wenye vyombo vyao. Kamera hazikupanda mitumbwi hiyo. Ndiyo maana duniani kote watu waliamini kuwa Msumbiji ilikaa juu ya miti ikisubiri mgeni, kumbe ilikuwa inapiga kasia.

Na hizo helikopta je? Ndugu msikilizaji, sikiliza vizuri hapa. Zilizofika mapema zilikuwa chache, na zilitoka Afrika Kusini. Marubani wa Jeshi la Anga la nchi hiyo waliruka alfajiri hadi giza lilipoingia, na peke yao waliokoa watu zaidi ya 14,000. Malawi nayo, nchi masikini kuliko wengi tunavyofahamu, ilipeleka helikopta. Helikopta nyingi za Ulaya na Marekani zilifika mwezi Machi, wakati siku za hatari kubwa zilikuwa zimekwisha kupita. Uingereza, kwa mfano, ilipoteza siku kadhaa idara zake mbili zikibishana juu ya bei ambayo wizara ya ulinzi ingeitoza wizara ya misaada kwa helikopta hizo. Zilipofika zilifanya kazi nzuri ya kubeba chakula na dawa, na hakuna anayelikana jambo hilo. Lakini aliyekuwa mtini tarehe 27 Februari aliokolewa na aliyekuwa karibu.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa mzee wa Mtwara. Masikini ana kitu kimoja ambacho tajiri wa mbali hana: yuko karibu. Saa 48 za kwanza za mafuriko haziulizi nani ana fedha nyingi benki, zinauliza nani ana mtumbwi. Wahenga hawakukosea waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza tu kwamba kutoa ni umbali pia.

Nikae kidogo kwenye habari ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini, maana kuna jambo ambalo vijana wetu huenda hawalijui. Tarehe 23 Mei 1983 ndege za jeshi hilohilo, wakati huo likitumikia serikali ya ubaguzi wa rangi, ziliishambulia kwa mabomu Matola, kando ya Maputo, kwa kisingizio cha kuwasaka wapigania uhuru wa ANC. Miaka 17 baadaye jeshi lenye jina lilelile likaja kuwaopoa Wamsumbiji kwenye paa za nyumba zao. Nini kilibadilika katikati? Rangi ya ndege ni ileile na mto ni uleule. Kilichobadilika ni utawala wa Afrika Kusini. Na utawala huo haukubadilika wenyewe. Ulibadilishwa na Waafrika Kusini kwa msaada wa nchi za mstari wa mbele, Msumbiji ikiwemo, na Tanzania ikiwemo.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza kwa nini nizungumzie mshikamano wa kimataifa kana kwamba ni kitu chenye faida, nitamwonyesha helikopta hizo. Msumbiji iliupanda mshikamano wakati haina kitu. Machi 1976, haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, ilifunga mpaka wake na Rhodesia ya Ian Smith ili kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Reli na bandari ya Beira zilikuwa zikiiingizia fedha nyingi kutokana na mizigo ya nchi hiyo, na ikazikosa. Ilipigwa, ilichomewa madaraja, na ilivurugwa kwa vita vya miaka 16. Waliokuwa wakiiita nchi ombaomba mwaka 2000 walikuwa wamesahau, au hawakuwahi kujua, kwamba nchi hiyo ilitoa kabla ya kuomba.

Na sisi Watanzania tunayo hesabu yetu na Msumbiji. FRELIMO iliundwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu hapahapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Wazee wa Mtwara na Ruvuma wanakumbuka wakimbizi waliovuka mto, na wanakumbuka pia mabomu ya Wareno yaliyovuka kuwafuata. Tulitoa, naam. Lakini Idi Amin alipotuvamia Kagera mwaka 1978, Samora Machel alituma askari wake kuja kusimama nasi. Na tetemeko la ardhi lilipoibomoa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, Kenya ilituletea mabati, mablanketi na magodoro. Hatukuwauliza Wakenya kama kwao hakuna watu wanaolala chini. Tulipokea, tukashukuru. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na urafiki wa namna hiyo hauna daftari la deni, ingawa kila upande unakumbuka.

Sasa niende kwenye swali la pili la mzee wetu, lile la fedha. Hapa itabidi nisitetee kila kitu, maana si kila kitu kinatetewa.

Kabla ya mafuriko ya mwaka 2000, wataalamu wa Msumbiji walikuwa wamekwisha kuona dalili. Serikali ilitayarisha mpango na ikawaomba wafadhili dola milioni 2.7 ili kujiandaa kwa maji. Ilipata kama nusu yake. Maji yalipokuja na picha zikaonyeshwa, misaada ya dharura ilifika dola milioni 100 hivi. Kisha mwezi Mei 2000, katika mkutano wa wafadhili uliofanyika Roma, ziliahidiwa dola nyingine zipatazo milioni 450 za kuijenga upya nchi. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji. Dunia iliyoshindwa kukamilisha dola milioni 2.7 ilijikuta inazungumzia zaidi ya milioni 500. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, lakini ni mara chache tumepata kuiona ikiandikwa kwa tarakimu namna hiyo.

Kwa nini mambo huwa hivyo? Sababu ni nyepesi. Mtu aliyeokolewa ana picha. Mtu ambaye hakuzama, kwa kuwa alihama siku mbili kabla, hana picha. Hakuna waziri wa nchi tajiri atakayesimama bungeni kwake kujivunia mafuriko ambayo hayakuua mtu. Na kusema kweli, hata sisi waandishi wa habari tuna sehemu yetu, maana hatutumi mpigapicha kwenda kupiga picha ya kipaza sauti na baiskeli.

Nimetaja kipaza sauti na baiskeli kwa makusudi. Bangladesh, nchi ya Asia iliyo tambarare na yenye mito mikubwa, ilipigwa na kimbunga mwaka 1970 kikaua watu 300,000 au zaidi. Baada ya hapo walianza kuandaa watu wa kujitolea vijijini, wakiwapa redio, vipaza sauti na baiskeli, na wakaanza kujenga majengo imara ya kukimbilia. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua watu 138,000 hivi, ikaonekana kuwa kazi bado ni kubwa. Wakaendelea. Mwaka 2007 kimbunga Sidr, ambacho kilikuwa na nguvu za kutisha, kiliua watu kama 3,400. Hao nao ni wengi, na kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Lakini linganisha na 300,000. Bahari haikupunguza hasira. Watu walijiandaa.

Msumbiji nayo ilijifunza. Baada ya mwaka 2000 ilianzisha kamati za vijiji, ikawafundisha watu maana ya bendera za rangi zinazopandishwa kimbunga kinapokaribia, na ikatumia redio za mahali kwa lugha za mahali. Mto Zambezi ulipofurika mwaka 2007, watu wengi walihamishwa mapema, na waliofariki walihesabiwa kwa makumi, si kwa mamia. Wangapi kati yenu mlisikia habari hiyo? Nadhani wachache. Ndivyo mafanikio yalivyo, hayapigi kelele.

Hata hivyo, maandalizi yana kikomo chake. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, mito ya Buzi na Pungwe ikaungana ikawa kama bahari katikati ya nchi. Zaidi ya watu 600 walikufa Msumbiji, na ukijumlisha Zimbabwe na Malawi walizidi 1,000. Wiki sita hazikupita, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kikaingia Cabo Delgado, kikaviponda visiwa vya Ibo na mji wa Macomia, kule ambako watu huzungumza Kimwani na Kimakonde na hawahitaji mkalimani wakija kwetu. Mtwara na Lindi nako tulitahadharishwa siku ile. Kimbunga kilipita kusini ya mpaka. Mzee wangu, kama upepo ule ungegeukia kaskazini, barua yako ungeiandika kwa namna nyingine, na huenda Msumbiji ingekuwa ndiyo inaulizana kama itusaidie au isitusaidie.

Tanzania ilipeleka dawa na chakula mwaka ule kwa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Nilisikia watu wakilalamika barazani, na nilisikia wengine wakijivuna kupita kiasi. Mimi naona ilikuwa sawa, wala haikustahili kelele za upande wowote. Jirani aliyefiwa hupelekewa unga, mambo yakaisha.

Sasa, je, msaada humfikia mwenye shida? Mwingine humfikia, mwingine haumfikii, na mwingine humfikia ukiwa umeoza. Nimeshuhudia michango ya mtaani kwetu mara kadhaa. Watu hutoa kwa moyo safi, lakini ukifungua mafurushi unakuta kiatu kimoja kisicho na mwenzake, koti zito la baridi, na gauni la harusi. Kusafirisha vitu hivyo kunagharimu kuliko thamani yake, na vinapofika huziba bandari na maghala wakati dawa ya kipindupindu inasubiri kushushwa. Mwathirika wa mafuriko si jalala.

Chakula nacho kina mambo yake. Ni lazima kitolewe mara moja, maana tumbo halisubiri mkutano. Lakini kikiendelea kumwagwa bure msimu baada ya msimu, mkulima wa wilaya ya jirani ambaye maji hayakumfikia atakosa wa kumuuzia mahindi yake, naye atakuwa mwathirika wa pili, tena wa mafuriko ya magunia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani wiki za mwanzo chakula, maji safi na dawa. Kisha mbegu, jembe, mabati na misumari.

Au fedha taslimu. Najua hapa wengi mtashtuka. Mtasema mpe mtu masikini fedha mkononi ataifuja. Sikilizeni basi kilichotokea. Baada ya mafuriko yale ya mwaka 2000 serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la misaada la wakati huo, USAID, iligawa fedha kwa familia zaidi ya 106,000 za Msumbiji vijijini, kila familia ikipata meticais milioni 1.5, sawa na dola 92 hivi. Wengi wa waliopokea walikuwa wanawake. Hakuna aliyewaambia wanunue nini. Nao walinunua vyombo vya nyumbani, nguo, mifugo, mbegu na vifaa vya kujengea. Na kwa kuwa walinunua katika maduka na minada ya huko huko, muuza duka aliyekuwa amefilisika naye akasimama. Fedha moja ikasaidia watu wawili au watatu. Aliyepoteza nyumba anajua kuliko mtu mwingine yeyote kama anahitaji mlango kwanza au mbuzi kwanza.

Lakini pale ambapo msaada unapitia mkono wa mtu mmoja mwenye orodha, jihadharini. Aprili 2019, baada ya Idai, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba wanawake walionusurika walilazimishwa na baadhi ya viongozi wa mitaa kutoa miili yao ili wapewe chakula. Chakula ambacho mtu wa mbali alikitoa bure, na ambacho bibi wa Mtwara pengine alikichangia. Huu ni unyama, na dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Orodha ya wapokeaji ibandikwe hadharani, ugawaji ufanyike mchana mbele ya watu, wanawake wawe katika kamati, na pawepo mahali pa kupeleka malalamiko pasipokuwa mezani kwa huyohuyo mgawaji. Tukichanga tuna haki ya kuyadai haya, na tunapopokea tuna haki zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi katika hafla za kukabidhi misaada, nalo ni deni. Mwaka 2000, wakati wananchi wake wako juu ya miti, Msumbiji ilikuwa bado nchi yenye mzigo wa madeni ya nje ambao wanaharakati walikadiria kuwa unaigharimu zaidi ya dola milioni moja kwa wiki. Kelele zilipigwa, na Machi mwaka huo nchi wadai za Paris Club zikakubali kuahirisha malipo. Lilikuwa jambo jema, lakini lilihitaji mafuriko ndipo lifikiriwe. Mwaka 2019 ikawa tena. Mwezi Aprili Shirika la Fedha la Kimataifa liliipatia Msumbiji dola milioni 118 za dharura. Zilikuwa mkopo. Usio na riba, ni kweli, lakini mkopo. Na wafadhili walipokutana Beira mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2019, mahitaji ya kujenga upya yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2 na zilizoahidiwa zilikuwa bilioni 1.2. Mtu aliyebomolewa nyumba na tufani akakopeshwa bati huyo hajasaidiwa, amesogezewa tarehe ya msiba.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu joto la bahari linalovipa nguvu vimbunga hivi halikutokana na moshi wa jiko la mama wa Buzi. Nchi zilizojengwa kwa makaa na mafuta kwa karne mbili zinalijua hilo. Ndiyo maana katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022, walikubali kuanzishwa kwa mfuko wa hasara na uharibifu, na mwaka mmoja baadaye huko Dubai ziliahidiwa dola kama milioni 700 za kuanzia. Kwa dunia nzima! Kumbuka kuwa mahitaji ya Msumbiji peke yake mwaka 2019 yalikuwa bilioni 3.2. Basi tusiyaite yote msaada. Sehemu yake ni fidia, na fidia haiombwi kwa magoti.

Lakini tusiwanyooshee kidole wa mbali tu. Msumbiji inachangia mito tisa mikubwa na majirani zake, nayo iko mwisho wa mkondo. Anayefungua lango la bwawa huko juu anaamua nani atalala pakavu huko chini. Simu moja iliyopigwa kwa wakati kutoka bwawa la juu inaweza kuokoa watu wengi kuliko ndege kumi za mablanketi. Huu nao ni mshikamano, na haugharimu hata dola moja. Sisi wenyewe tuna Ruvuma tunayochangia na Msumbiji, tuna Songwe tunayochangia na Malawi, tuna Kagera. Je, mwenyekiti wa kijiji cha ng'ambo anayo namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji cha kwetu? Hilo ni swali ambalo wabunge wa mikoa ya mipakani wangeweza kulijibu bila kusubiri mfadhili.

Mzee wangu wa Mtwara, kwa hiyo nakujibu hivi. Kwa nini utoe? Kwa sababu uko karibu, kwa sababu nawe ulisaidiwa, na kwa sababu upepo haujui mpaka. Je, fedha zinafika? Zitafika kadiri wewe na mimi tunavyouliza zilikwenda wapi. Usiache kutoa kwa kuwa wapo wezi, bali toa na uulize. Na kama huna fedha wala gunia la mahindi, siku jirani wa ng'ambo akipata maafa usimwambie mwanao kwamba wale ni ombaomba. Mwambie walifunga mpaka wa Smith wakakubali kula ugali mkavu.

Aidha, nina ombi moja kwa viongozi wetu. Fungu la maafa lisiwe la kununulia majeneza na maturubai tu. Sehemu yake iende kwenye vipimo vya maji mitoni, kwenye boti za wilaya za mabondeni, na kwenye mafunzo ya vijana wa kuzipeleka boti hizo. Mabonde ya Rufiji, Kilombero na Ruvuma hayatatuuliza kama bajeti imepita.

Ndugu msikilizaji, muda wangu umekwisha. Kama una hoja tofauti na hizi, niandikie, nami nitaisoma hapahapa kama nilivyoisoma ya mzee wa Mtwara.